Ketobeli na karate ya kina mama huku Tudor: nimelipa pesa yangu, haya ndio maoni

Kwa mashoga zangu wote mnaoniuliza kwa grupu la mtaa ati hii klasi ya ketobeli (kile chuma kizito cha mviringo chenye mkono wa kushikia) na karate ya kina mama iko vipi, nimechoka kurikodi voisi moja moja, leo naandika mara moja na mtu akiniuliza tena namtumia hii. Nendeni. Pesa haipotei. Mwenye haraka aishie hapo, mwenye nafasi aendelee maana yako mazuri na yako ya kuudhi na nitayasema yote, sensei, yaani mwalimu, mwenyewe nshamwambia usoni kwa hivo hapa simsengenyi mtu.

Mahali penyewe hapana kibao. Ni nyumba ya zamani upande wa Tudor hapa Mombasa, ghorofa ya pili, chini yake kuna duka la vipuri vya tuktuk, wapanda ngazi nyembamba za giza mpaka ukutane na pazia zito la kijani. Ukishavuka lile pazia umeingia kwa wanawake, hakuna mwanamume anakanyaga pale saa zetu, hata kijana wa maji huita akiwa ngazini akaacha mitungi akashuka. Madirisha yamepakwa rangi nusu ya chini, upepo waingia kwa juu. Ukutani kuna misumari imepangwa ya kutundika mabuibui na mikoba, chini mikeka ya raba ile ya kushikanisha, feni tatu za dari na moja wapo yapiga kelele mpaka ushukuru stima zikipotea. Nimeanza na pazia kwa sababu wifi yangu asingekuja kabisa bila hilo pazia na najua wengi wenu mko hivo hivo. Zile jimu kubwa za barabarani zina mashine nzuri, sikatai, lakini wafanya mazoezi na vijana wamekutolea macho kupitia kioo, nani ataka.

Mwalimu ni mama wa makamo, mwembamba, si mwingi wa maneno. Karate yake ni Goju-ryu, ile ya kisiwa cha Okinawa, Japani, iliyoanzishwa na Chojun Miyagi. Mumewe huwafundisha wanaume usiku hapo hapo. Mimi nlidhani ketobeli ameiongeza juu tu ili kufuata fasheni, maana sahi kila jimu ina ketobeli, kumbe hawa watu wa Okinawa tangu zamani wana mawe yao yenye mkono wa kushikia, yaitwa ishi-sashi, wakiyanyanyua kukaza viganja na mabega kwa ajili ya karate, na mitungi ya udongo wanaishika kwenye mdomo wa mtungi kwa ncha za vidole wanatembea nayo. Kwa hivo hiki chuma cha Warusi kimeingia mahali ambapo nafasi yake ilikuwako. Na chenyewe asili yake ni sokoni, kilikuwa jiwe la mizani la kupimia nafaka, kipimo chao cha zamani pudi moja ni kama kilo 16, ndio maana mpaka leo saizi zao ni 16, 24 na 32, pudi moja, moja na nusu, mbili. Kutoka mizani yakaingia kwenye mashindano ya nguvu mpaka jeshini. Sensei hutuhadithia haya tukiwa twapumzika na yeye ana yake, ataka tu tusiangalie saa.

Sasa mafunzo yenyewe. Wiki ya kwanza na ya pili hushiki chuma. Nasema mapema kwa sababu hapa ndipo wengi hukasirika, mtu amelipa, amevaa raba mpya, amepiga picha, halafu apewa fimbo ya ufagio. Fimbo yenyewe waiweka mgongoni, mkono mmoja shingoni mkono mmoja kiunoni, iguse sehemu tatu, kisogo, katikati ya mabega, na pale juu ya makalio. Halafu wainama. Fimbo ikiachana na sehemu moja tu umekosea, simama, anza tena. Kazi ni kuinama kwa nyonga na si kwa uti wa mgongo, magoti yanakunjika kidogo tu, makalio ndio yaenda nyuma. Wanawake wa hapa pwani twainama kutwa nzima, twafua, twapiga deki, twakuna nazi, na wengi wetu twainama kwa mgongo, si nyonga, na hatujui. Alichotufahamisha mimi na wifi yangu mara moja ni pale alipotwambia fikiria umetoka soko la Kongowea, mikono miwili mifuko, mlango umebaki wazi, waufunga na nini? Na makalio. Basi. Hio ndio swingi, ile ya kurusha chuma kwa nyonga.

Ukipewa chuma ni kilo 8. Chuma kiko mbele yako kidogo, si baina ya miguu, wakivuta nyuma kipite chini ya mapaja juu kabisa, halafu nyonga zapiga mbele kwa ghafla na chuma chenyewe charuka mpaka kifuani. Mikono haibebi. Hili ndilo lachukua muda kuingia kichwani, mikono ni kamba tu, ukianza kuvuta kwa mabega sensei akujia nyuma akugusa bega na kidole kimoja, hasemi, akugusa tu, na wewe wajua. Juu wasimama wima, tumbo limekaza, makalio yamekaza, pumzi yatoka kwa meno "tsss". Kumi, wapumzika. Kumi, wapumzika. Ukiona mwenzako amefika kumi na tano anaachama mdomo ni mgeni huyo, wenyeji husimama kabla ya kuchoka, kwa sababu swingi ya mtu aliyechoka ndio ile inayovunja mgongo. Nimefika hapa tu nikajua huyu mama si wa kuchezea, kwengine nlikofanya mazoezi mwalimu alikuwa atupigia kelele ongeza ongeza ongeza mpaka mtu atapike, na hapo ndio aonekana hodari.

Kuna na ile ya kuinuka kutoka chini, waiita getapu ya Kituruki. Walala chali, mkono mmoja juu umenyooka na chuma, halafu wainuka mpaka usimame huku mkono uko juu vile vile, kwanza kiwiko cha upande wa pili, kisha kiganja, wanyanyua nyonga, wavuta mguu nyuma wapiga goti, wasimama, na warudi chini kwa njia ile ile uliyokwendea. Mwezi mzima hatukupewa chuma cha hii. Ulipewa ndara. Wakunja ngumi, waweka ndara juu ya ngumi, inuka, ikianguka rudi chini. Vicheko vya siku hio! Kuna bibi mmoja wa miaka 60 na kitu, ana wajukuu wamemaliza shule, aliinuka na ndara yake haikutikisika, sisi vijana zetu zote ziko sakafuni, na alipofika juu akatuangalia tu. Huyo bibi ndiye tangazo la ile klasi. Ati alikuja kwa sababu alianguka bafuni akashindwa kuinuka mpaka mtu akaja, na kwa umri ule kuinuka kutoka chini si mazoezi, ni maisha yako.

Karate ndio nusu ya pili, na hapa tena msitegemee mateke ya sinema. Kuna kata (mtiririko wa hatua zilizopangwa) moja yaitwa Sanchin, hatua chache tu, miguu imeingia ndani kidogo, waenda polepole, pumzi ndefu ya kuingia, pumzi ndefu ya kutoka, mwili wote umekaza. Sensei azunguka akikupiga vikofi mabegani, mgongoni, mapajani, kuangalia wapi umelegea. Ukiitazama kwa nje wadhani haina kitu. Ifanye sawasawa na feni zimezimika mwezi wa tatu halafu uje unambie. Ni kazi ile ile ya swingi kwa njia nyengine, kaza tumbo, toa pumzi, legeza kisichohitajika, na sensei hufanya makusudi kuzifuatanisha, swingi kumi, Sanchin moja, swingi kumi. Baada ya muda mwili hautofautishi tena. Halafu kuna kupiga pedi, ile mito migumu anayoishika mwenzako, kwa ngumi, viwiko na magoti, na kuna mafunzo ya kuanguka, ambayo sensei ameyachukua kutoka judo: kidevu kifuani, macho kwa fundo la mshipi, mkono wapiga mkeka kiganja chini kwa pembeni, si nyuma yako, ukiweka mkono nyuma ndio wavunja kifundo. Kuanguka ndio lilikuwa zito kwangu kuliko yote, mtu mzima kuanguka kwa hiari yako mbele ya watu si jambo dogo.

Na kiai. Ile kelele ya wakati wa kupiga. Siku za kwanza wasikia "e" ndogo ndogo, mtu apiga na mkono waziba mdomo, maana tumekuzwa sauti ya mwanamke isivuke baraza, na sasa uko na wanawake kumi na wanane wote waambiwa pigeni kelele. Hazikutoka. Sensei akasema sawa, basi toeni pumzi tu kwa tumbo, hata bila sauti. Wiki zikaenda, ikaanza kutoka yenyewe, siku moja wifi yangu akapiga pedi na kelele yake ikatoka mpaka mwenye duka wa chini akapandisha ngazi mbili tatu kuuliza kwani kuna nini. Wifi yangu huyu mnamjua, hata kondakta akimzidishia nauli hunyamaza. Sahi hanyamazi. Hampigi mtu, wala sensei hatufundishi kupiga watu, kila wiki asema mwanamke mwenye akili kwanza hukimbia, pili hupiga kelele, na tatu ndio hayo mengine, lakini kondakta chenji hurudisha.

Kuhusu kichwa, maana wengi mmeniuliza kwa inboksi na si kwa grupu, na naelewa kwa nini. Mimi kwa mwaka ule wa kabla sikuwa nalala. Kazi yangu ni kushona, madera na mabuibui, na msimu wa harusi na Idi hesabu za watu zinakuja kitandani na wewe, deni la kitambaa, la kodi, mamangu naye mgonjwa, waamka saa tisa za usiku moyo unadunda na hakuna anayekufukuza. Sitasema karate imeondoa deni, deni liko pale pale. Ila kuna kitu. Ukiwa na chuma mkononi huwezi kufikiria kodi, ukiifikiria kinakuponyoka, kwa hivo saa nzima kichwa kimepumzika bila wewe kujilazimisha kupumzika. Ukiwa wapigana kidogo kidogo na mwenzako na mkono waja usoni, mwili wataka kuzuia pumzi na kufumba macho, na wewe wafundishwa kutoa pumzi na kufungua macho. Ukizoea hilo mara nyingi, saa tisa ya usiku moyo ukianza mwili wajua la kufanya, watoa pumzi ndefu ya Sanchin ukiwa umelala chali, mara nyengine nalala hata sijafika mbali. Na uchovu wenyewe wa siku ya klasi ni mtamu, walala.

Si mimi tu nasema. Mwaka 2018 kulitoka uchambuzi uliokusanya tafiti 33 za mazoezi ya kukaza misuli, watu karibu 1,900, wakaona dalili za unyong'onyevu (ile depression) zapungua kwa wale wanaobeba vyuma, na si lazima mtu awe amepata nguvu nyingi ndio aone tofauti. Ila shoga yangu ukiwa uko kwa dawa za daktari usiziache ukaja hapa, kuna mwenzetu mmoja yuko kliniki na yuko klasi, vyote viwili, na sensei mwenyewe alimwambia hivo hivo, hii haishindani na daktari.

Mwili sasa. Shingo na mabega, yale maumivu ya cherehani, yamepungua sana, ile sehemu ya chini ya kisogo ambayo jioni ilikuwa yawaka mpaka nabandika zile plasta za kuchoma, sijanunua plasta muda mrefu. Denmaki kule walijaribu, mwaka 2011, watu 40 wa kazi za kuumiza shingo na mgongo, wengi wao wanawake, nusu wakapewa ketobeli dakika 20 mara tatu kwa wiki kwa wiki 8, maumivu ya shingo, mabega na kiuno yakapungua. Pumzi yao lakini, ile ya moyo na mapafu, haikuongezeka kwa kipimo chao, na hii nawaambia kwa sababu kuna watu wawauzia ketobeli kuwa ni dawa ya kila kitu. Mimi pumzi nimeipata zaidi kwenye pedi na zile raundi za karate.

Nguvu ya nyumbani ndio nimeifurahia zaidi. Sisi wa ghorofani mwajua shida ya maji ya mji huu, mfereji ukikauka ni mitungi ya lita 20, na lita 20 ni kilo 20 hizo, ngazi tatu. Zamani nlikuwa napumzika kila kona nikijifanya natafuta ufunguo. Sensei ana zoezi la kutembea na chuma kizito mkono mmoja bila kuinamia upande, kwenda na kurudi ukumbini, na hio ni ngazi za nyumbani kwangu kabisa, sahi nabeba mtungi na mkono wa pili nimeshika mtoto wa dadangu. Yule kijana wa mkokoteni aliyekuwa anitoza shilingi za kupandisha amenikasirikia.

Kupungua mwili, hapa niwe mkweli maana ndio swali la kwanza la kila mtu. Mizani haikushuka sana. Madera hayajawa makubwa. Kiuno kimeshika, mikono imekaza, nguo zakaa vyengine, lakini mtu wa biriani kila Ijumaa na mahamri kila asubuhi asiitwike ketobeli mzigo usio wake. Kuna ile picha huzunguka kwenye mitandao ati ketobeli yachoma kalori 20 kwa dakika. Hio hesabu ni ya kweli, ni ya American Council on Exercise ya mwaka 2010, lakini walikuwa watu kumi waliokwisha kuzoea, wanafanya snachi, ile ya kurusha chuma kutoka chini mpaka juu ya kichwa kwa mara moja, kwa kasi sekunde 15, wapumzika sekunde 15, hivo hivo dakika 20. Wewe na mimi na swingi zetu kumi kumi za kilo 8 hatumo humo. Faida kubwa kwa sisi wenye nasaba za sukari, na pwani hii nani hana jamaa wa sukari, ni kuwa misuli ikifanya kazi yachukua sukari kutoka kwa damu, na hio haionekani kwenye mizani.

Yaliyoniudhi. La kwanza vyuma havitoshi. Kilo 8 ziko nyingi, kilo 12 ziko nne tu, na baada ya miezi kadhaa watu wengi wako hapo kwenye 12, kwa hivo wapanga foleni, na foleni ya wanawake wenye stori mwaijua. Halafu kutoka 12 yaruka mpaka 16 hakuna ya katikati, kilo 4 yaonekana kidogo kwenye karatasi lakini hio ni theluthi nzima juu, kuna watu wamekwama pale hawawezi mbele wala hawataki nyuma. Nimemwambia anunue 14, zipo, amesema inshaallah, na inshaallah yake ya mambo ya pesa naijua.

La pili kutu. Hewa ya chumvi hii haina huruma, chuma kikiachwa wiki moja bila kufutwa mkono wake umekuwa mwekundu na wakwaruza viganja, kuna mmoja wa kilo 12 umenitoboa lengelenge siku ya kwanza kuushika. Sahi twazipokezana zamu, baada ya klasi wavifuta jasho kwa kitambaa kikavu halafu mafuta kidogo, na kabla ya klasi wayafuta yale mafuta tena yasije yakateleza. Viganja vyenyewe navyo, jasho la mwezi wa pili na wa tatu chuma chataka kuruka dirishani, kuna ndoo ya chaki, tumieni, lakini kidogo maana yaganda kwa mkeka na mikeka ile tayari ina harufu yake. Harufu siifichi. Wafuta kwa maji ya dawa kila siku lakini raba na jasho na unyevu wa hapa ni kesi nyengine.

La tatu mtihani wa mkanda. Ada ya mwezi haijumlishi mtihani, walipa kando, na yunifomu nyeupe kando, na mtu huambiwa wiki mbili kabla. Ingekuwa imeandikwa pale mlangoni tangu mwanzo hakuna angelalamika. Si lazima kufanya mtihani, wengine hatufanyi na twafundishwa sawa, ila wale wageni hawaambiwi hivo wazi wazi. Choo kimoja, bafu ndoo na kopo. Hicho ni kidonge cha kumeza tu.

Wengine mmeuliza kama mnunue chuma chenu mkafanye nyumbani kwa kuangalia video. Jifunzeni kwanza swingi mbele ya jicho la mtu, hata mwezi mmoja, halafu mnunue. Na mkinunua, epukeni zile za plastiki zilizojazwa saruji, ni rahisi ndio, lakini ni kubwa kuliko uzito wake, zagonga mkono, na ikianguka mara moja kwenye simiti yapasuka nyumba nzima mchanga. Chukua ya chuma kitupu kilichomiminwa pamoja na mkono wake. Kabla ya kulipa pitisha kidole chini ya mkono wote pole pole, ukisikia mshono au ncha acha, hio ndio itakukata. Ingiza mikono miwili uone kama yaenea. Iweke chini uone kama yakaa bila kuyumba. Mafundi wa kuchomelea wanaweza kukutengenezea kwa bei nafuu, nimeona nzuri na nimeona ambazo weldi yenyewe ni msumeno, inategemea fundi. Na mkiishi ghorofani wekeni godoro au mkeka mzito, mwenye kukaa chini yenu hana hatia.

Nani asiende, au asubiri. Mwenye mimba na hajawahi kufanya mazoezi haya, mwenye henia, mwenye shida ya diski za mgongo, aliyejifungua majuzi, hao kwanza daktari. Mwenye presha naye apime, kuzuia pumzi ukiwa umebeba kitu kizito kwapandisha presha ghafla, ndio maana kila saa waambiwa toa pumzi. Sensei huuliza siku ya kwanza na halichukulii poa, alimrudisha mama mmoja ngazini akapime famasi ya karibu kwanza, na namba zilipotoka juu akamwambia nenda hospitali, pesa zako hizi hapa. Alirudi baada ya kuanza dawa na yuko nasi mpaka leo. Kwa hilo peke yake nawapa nyota nne kati ya tano, ya tano iko kwenye bafu.

Ada ni shilingi 2,000 kwa mwezi kwa siku mbili kwa wiki, Jumatatu na Jumatano, kuanzia saa kumi na robo mpaka saa kumi na moja na nusu, yaani baada ya alasiri na wafika nyumbani kabla ya magharibi. Siku moja moja ni 300. M-Pesa wakubali. Shirika la Afya Duniani lasema mtu mzima akaze misuli angalau siku mbili kwa wiki, kwa hivo mkienda zote mbili mmetimiza. Mwezi wa Ramadhani saa zabadilika, huwa baada ya tarawehe na ni ketobeli nyepesi na Sanchin tu, hakuna pedi. Njooni Jumatano ya kwanza, Jumatatu hujaa. Vaeni suruali ya kulegea na fulana ya mikono mirefu, mtandio ule wa kuvaa kichwani bila pini kwa sababu pini kwenye kuanguka ni hatari, bangili na pete zote nje, kucha fupi, miguu mitupu, leteni taulo na maji yenu. Hina haina neno.

Watoto ni Jumamosi asubuhi saa tatu, kuanzia miaka 6, na ada yao ni 1,200. Hio mimi sijaitumia, wa kwangu wakubwa, kwa hivo muulizeni yule mama wa pacha wa Buxton, wake wote wawili wako kule.